Kaktasi inadondosha vitumba kabla ya kuchanua

Pole sana ndugu, naona unasema kaktasi yako ya Krismasi ilijaa vitumba halafu ulipoihamishia mezani vikaanza kudondoka, na maji unamwagia kila siku. Hayo mawili ndo yanayoiumiza.

Watu wengi wanadhani kila kaktasi ni ya jangwani, hii sio, asili yake ni misitu ya milimani kusini mashariki mwa Brazili na huko inaota juu ya matawi ya miti, kwa hiyo haipendi jua kali la mchana na pia haipendi mizizi ikae kwenye tope. Ingiza kidole kwenye udongo, ukisikia juu pamekauka ndo umwagie mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu yamwage yaliyobaki kwenye kisahani, usiyaache kabisa! Udongo uwe mwepesi, changanya na mchanga wa chembe kubwa au perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kuchanganya na udongo).

Vitumba vikishatoka usiihamishe wala usiizungushe, iache palepale penye mwanga wa dirishani.

Msimu ujao ukitaka ichanue tena, iweke sehemu yenye ubaridi kidogo na giza la kama masaa 13 kila usiku kwa wiki 6 hivi, na giza namaanisha giza kweli, hata taa ya sebuleni inaweza kuivuruga. Mbolea acha kwanza kipindi hicho.

Chungu usibadilishe saa hizi, subiri imalize maua.