Maswali ya Wasomaji: Ekseli ya Nyuma na Breki za Hilux

SWALI: Ndugu Mhariri, nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli aina ya 3L (jina la injini tu) ya lita 2.8, niliyoinunua kwa matembezi ya porini tu. Nimeiinua sentimita 5 na kuifunga matairi ya inchi 33 badala ya 205R16 ya awali. Sasa inachoka kupanda mlima wa Kitonga, na ikiteremka breki hazishiki kama zamani. Fundi ananishauri ninunue ekseli nzima ya nyuma ya Land Cruiser yenye breki za diski. Je, nimsikilize? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Usimpe fedha bado. Ekseli ya Hilux ni imara ya kutosha kwa injini isiyo na tabo. Kilichobadilika ni hesabu ya meno ya difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha takriban inchi 29, kwa hiyo ukigawa 33 kwa 29 utaona kwamba kila mzunguko wa gurudumu sasa unaisogeza gari mbele kwa asilimia 14 zaidi, na injini ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Ikiwa difu lako ni la 4.1 (propela, yaani shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye gia, huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), ulihitaji kama 4.67 ili urudi ulipokuwa. Ya Toyota yanayokaribia hapo ni 4.56 (meno 41 kwa 9) na 4.88 (meno 39 kwa 8), na kwa anayepanda milima ningechagua 4.88. Uzuri ni kwamba difu la nyuma la Hilux hutolewa kwa mbele ya ekseli, baada ya kuchomoa shafti za magurudumu, bila kukata chuma wala kuchomelea. Sharti ni kubadili la mbele na la nyuma pamoja, kwani yakitofautiana, siku utakapoendesha kwa nguvu ya magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu mitambo itavutana hadi kitu kivunjike. Ekseli ya Land Cruiser ingekuletea tatizo hilohilo, pamoja na uzito na kazi ya kuoanisha springi na propela.

Breki nazo zimepungukiwa kwa hesabu ileile: kwa nguvu ileile ya mguu, tairi kubwa hupunguza uwezo wa kusimamisha kwa karibu asilimia 12. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Juu ya ekseli ya nyuma kuna mkono mdogo unaounganishwa na vali inayopima mzigo. Bodi likishuka kwa uzito, vali hupeleka shinikizo zaidi nyuma. Ulipoinua gari, vali ilidhani kwamba pikapu ni tupu daima, ikapunguza breki za nyuma. Rekebisha mkono huo kwanza.

Kisha fungua dramu za breki za nyuma. Ukikuta oili kwenye liningi, badilisha sili za shafti na uzibue tundu la kupumulia la ekseli, kwa maana likiziba, joto husukuma oili hadi nje. Mbele weka diski na pedi mpya zenye ubora, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito hukimbilia huko.

Diski za nyuma hukauka upesi baada ya kuvuka maji, sikatai. Hata hivyo zinahitaji shinikizo kubwa kuliko dramu, hivyo masta silinda (pampu kuu ya breki) na vali vingepaswa kupangwa upya, na kaliba (vibanio vya pedi) nyingi za kuungaunga hazina hendibreki. Mimi mwenyewe nisingeegesha gari la namna hiyo pale Kitonga.