Roho "itue" au "utue"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya huku Mafinga, natunga na mashairi. Nimeandika "Roho takatifu njoo, moyoni mwangu itue." Katekista wetu kasema nimekosea, nikamwambia nikiweka "Mtakatifu" mizani, yaani silabi za mstari, inakuwa tisa badala ya nane. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Katekista.

Na afadhali umeuliza maana hii kitu inanikera miaka na miaka. Juzi tu hapa Mwanjelwa bajaji ilikuwa mbele yangu, nyuma imeandikwa ROHO MTAKATIFU IMESHUKA, tukakaa foleni mpaka Kabwe naisoma tu, yaani mtu kampa M ya heshima halafu hatua moja mbele kamgeuza bei ya nyanya.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, ruhu, tukalipokea tukaliweka pamoja na nyumba na nguo, ngeli ya I-ZI. Roho yangu imechoka, jirani ana roho mbaya, hapo sina ugomvi. Ila ukimtaja yule wa Utatu unahamia A-WA, ngeli ya watu, maana Wakristo wanamkiri ni Nafsi, sio nguvu fulani inayokatika na kurudi kama umeme. Ndo maana Biblia ya Union inasema "Roho wa Bwana yu juu yangu". Hebu andika "roho ya bwana" uone, mi hapo nitajua mumeo kaamka vibaya. Hata Neno ni hivyo hivyo, mtaani neno limesemwa, neno limetoka, lakini kwa Yohana ni "naye Neno alikuwa Mungu". Naye! Sio nalo.

Mwaka 381 maaskofu walikutana Konstantinopoli, kulikuwa na watu wanadai Roho ni kiumbe tu, wakajibiwa kwa ile Kanuni ya Imani mnayoikariri kanisani, Bwana mleta uzima. Wenzetu wamebishana hivyo kwa Kigiriki, sisi ngeli inamaliza kesi kwa herufi moja, na wewe herufi yenyewe unaifuta kisa mizani!

Na usiniletee habari ya uhuru wa mshairi. Marehemu Mathias Mnyampala wa Ugogoni alitunga utenzi mzima wa Enjili Takatifu, kitabu kizima, sembuse wewe mstari mmoja. Halafu ona, unamwita "njoo" kama mtu, kabla hajafika unamsema "itue" kama ndege ya Songwe. Andika hivi: "Roho wa Bwana nijie, moyoni mwangu utue." Hesabu kwa vidole, nane kwa nane, na katekista atanyamaza.

Ubeti wako wa pili umesema njiwa wakati Union imeandika Roho alishuka kama hua. Hilo nakuachia, huku Uyole wote tunaita njiwa na nimeshachoka kubishana.