Kabla Hujalipia Mashine ya Santuri Iliyotumika

Anayeanza kukusanya santuri hushauriwa mara nyingi anunue mashine iliyotumika badala ya mpya ya bei ya chini, na ushauri huo naukubali kwa sharti moja: aikague kwa mikono na masikio yake kabla ya kutoa fedha. Mashine nyingi za miaka ya 1970, wakati santuri ilipokuwa njia kuu ya kusikiliza muziki nyumbani, ziliundwa kwa sahani nzito za metali za kuwekea santuri na mikono ya kubebea sindano iliyosawazishwa kwa makini, na zile zilizotunzwa zinafanya kazi vizuri hadi leo. Muuzaji, hata hivyo, hupangusa vumbi, akang'arisha kifuniko, akapiga picha, na katika hayo yote hakuna linalokueleza hali ya mashine ndani.

Mimi hutenganisha sehemu zinazochakaa kwa kawaida na kubadilishwa kwa urahisi, yaani sindano, mkanda, mkeka wa mpira na nyaya, na zile ambazo zikiharibika gharama ya matengenezo huipita thamani ya mashine, yaani beringi za mkono, mhimili wa sahani na mota. Wanunuzi wengi wapya hufanya kinyume: huikataa mashine nzuri kwa sababu sindano imevunjika, kisha huichukua nyingine yenye mkono uliolegea kwa sababu inapendeza machoni.

Kwa hiyo anzia kwenye mkono. Ufungue kutoka kwenye kishikizo chake, ushike kwa vidole viwili karibu na katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, kisha uutikise polepole kwenda mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu kujua iwapo jino lake limelegea. Kwenye egemeo lake mkono haupaswi kucheza; ukihisi mgoto mdogo, hata usiosikika, beringi zimechakaa au mashine iliwahi kuanguka. (Ipo mikono michache inayosimama juu ya ncha moja tu na ambayo hutikisika kwa asili yake, lakini hiyo si ya kuanzia.) Baada ya hapo weka kidhibiti kinachozuia mkono kuvutwa katikati kwenye sifuri, na uzungushe kile kipande kizito cha nyuma mpaka mkono uelee ukiwa sambamba na sahani. Sasa upulize kidogo sana kutoka pembeni. Mkono usio na kasoro huteleza mpaka karibu na katikati bila kusita. Ukikwama mahali palepale kila mara, kuna beringi iliyoumia au waya wa ndani unaouvuta. Hakikisha pia kwamba kipande hicho cha nyuma ni cha mashine hiyo hiyo, kwa maana hupotea mara nyingi na uzito wake hupangwa kulingana na mkono wake.

Sahani haihitaji muda mrefu. Ondoa mkeka, izungushe kwa mkono ukiwa umeinamisha sikio karibu na sanduku, na utazame ukingo wake ukiwa usawa wa macho. Mkwaruzo unaosikika au kuyumba juu na chini kunakoonekana wazi ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kuhusu namna sahani inavyozungushwa, zipo aina tatu utakazokutana nazo. Ya mkanda ndiyo rahisi zaidi kuirudishia uzima, kwa kuwa mkanda uliolegea au uliogeuka kuwa utomvu mweusi kwenye puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, hubadilishwa kwa dakika chache. Ile ambayo mota yake iko moja kwa moja chini ya sahani, kama Technics SL-1200 iliyotoka mwaka 1972, haina mkanda wa kuchakaa, lakini saketi zake zikiharibika utamhitaji fundi anayezijua. Ya tatu hutumia gurudumu la mpira, kama zilivyo Garrard 301 na Lenco L75. Mpira huo ukikaa miaka mingi umebanwa mahali pamoja huingia bonde, na bonde hilo utalisikia kwenye spika.

Kasi hupimwa bila kifaa chochote. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, uweke mashine kwenye kasi ya 33⅓, na uhesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili: inapaswa kuwa 100. Kwa kasi ya 45 dakika moja inatosha. Ikiwa hesabu imepungua, usimruhusu muuzaji akuambie kwamba ni mkanda tu mpaka uwe umesoma kibandiko cha umeme kilicho nyuma au chini ya mashine. Wengi hutazama volti pekee, wakidhani transfoma itamaliza kila kitu, ilhali mota nyingi za mashine za mkanda hufuata mapigo ya umeme wenyewe: iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikichomekwa kwenye hezi 50 itazunguka kwa kasi ya takriban 27.8 badala ya 33⅓, na kila mwimbaji atasikika mzito na mvivu. Transfoma haiwezi kurekebisha hilo. Inahitajika puli ya kipimo kingine, ambayo haipatikani kwa kila mashine.

Mashine za kujiendesha, zile ambazo mkono hujinyanyua na kurudi peke yake, mimi huziepuka kwa mtu anayeanza. Grisi yake hukauka ikawa kama gundi, na mkono husimama katikati ya safari. Kama umeipenda mno, mwombe muuzaji aiendeshe tangu mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara moja mbele yako.

Kisha isikilize. Nenda na santuri yako unayoijua vizuri, ikiwezekana yenye piano, kwa sababu noti ndefu za piano hufichua mara moja kasi inayopanda na kushuka. Sikiliza kama pande zote mbili zinatoa sauti sawa. Upande mmoja ukinyamaza, badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye amplifaya, na ukimya ukihamia spika ya pili basi kasoro iko upande wa mashine. Mngurumo wa chini usiokoma mara nyingi ni waya wa ardhi ambao haujafungwa tu. Muuzaji anayesema hakuwa na mahali pa kuijaribia anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini bei ya mashine isiyojaribiwa ni bei ya mashine mbovu, nami silipi zaidi ya hiyo.

Sindano iliyokuja na mashine ihesabu kuwa imekwisha, hata ukiambiwa haijatumika sana, kwa kuwa hakuna anayekumbuka saa zake, na sindano iliyochakaa hukwangua mitaro ya santuri zako. Bei yake iondoe kwenye bei unayotoa. Angalia kwanza kama katriji imefungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, kwani nafasi hiyo inakubali katriji nyingi zinazouzwa leo. Mashine za sanduku zenye katriji ya seramiki, zinazokandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi wakati katriji ya kawaida ya sumaku inahitaji takriban gramu 2, singemshauri mtu azinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Jambo la kuuliza nyumbani kabla ya safari ni iwapo amplifaya yako ina tundu lililoandikwa Phono. Katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na besi ya muziki imepunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri, hivyo ukiichomeka kwenye tundu la kawaida utapata sauti hafifu na nyembamba. Tundu hilo likikosekana, kikuzaji kidogo cha nje kitahitajika, nacho kina gharama yake.

Ukikubaliana na muuzaji, usibebe mashine ilivyo. Vua sahani na kile kipande cha nyuma, funika sindano, funga mkono kwa uzi laini, na kama sanduku linaelea juu ya springi uliza skrubu za kusafirishia ziko wapi. Ukifika, zilegeze, panga miguu kwa pima maji mpaka sahani ilale sawasawa, na baada ya hapo tu ndipo upange uzito wa sindano kulingana na maelezo ya katriji.