Maswali ya Walimu: Ufikivu wa Kidijitali Darasani

Shuleni kwetu hakuna mwanafunzi asiyeona. Kuna haja gani ya kufundisha ufikivu, yaani kuandaa nyaraka na tovuti ili hata wenye ulemavu waweze kuzitumia? (Mwalimu wa TEHAMA, Morogoro)

Mwanafunzi unayemfundisha leo kuandaa waraka ndiye atakayebuni kesho fomu ya benki au tovuti ya halmashauri, na wasomaji wake hatawachagua. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inagusa pia mifumo ya habari na mawasiliano. Isitoshe, mwenye uoni hafifu mara nyingi hunyamaza, akanakili kwa jirani yake, nawe ukamdhania mvivu.

Hatuna bajeti. Tuanzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Kilifi)

Anzeni na simu. Simu nyingi za Android zina kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, kiitwacho TalkBack (jifunze kwanza namna ya kukizima, kwa maana ukikiwasha, kugusa mara moja hakufungui kitu), na kompyuta za Windows zinaweza kuwekewa kisoma skrini cha NVDA bila malipo, ambayo ina hata sauti ya Kiswahili, ingawa ni kavu. Kisha fungueni notisi mlizowatumia wanafunzi. Zikiwa ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, huenda msisikie zaidi ya jina la faili, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Wanafunzi wazichape upya, vichwa vya habari wavipange kwa mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia badala ya kukoza herufi tu, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na kila picha waiandikie maelezo mbadala, yaani maneno ambayo kisoma skrini kitayasoma badala ya picha. Neno "mchoro" halimsaidii mtu. "Seli ya mmea, ukuta na kiini vikionekana" linamsaidia.

Je, tuwafunge wanafunzi vitambaa machoni ili waionje hali ya kutoona? (Mwalimu mkuu, Tanga)

Siungi mkono. Dakika kumi za giza huzaa hofu na huruma, na mtoto hutoka akiamini kwamba asiyeona hawezi lolote, ilhali mzoefu husikiliza kisoma skrini kwa kasi ambayo masikio yetu hayaifuati. Ondoeni kipanya, wajaze fomu ya mtandaoni kwa kibodi pekee. Wakikwama, wataulaumu ukurasa, si mwili wa mtu.

Na rangi za slaidi? (Mwalimu, Arusha)

WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1. Uwiano wa manjano juu ya nyeupe haufikii hata 2 kwa 1.