Baridi yabisi: vidonge sita, siku moja tu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 46, anaanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na akiamka vinakakamaa zaidi ya saa nzima. Hospitali wamesema ni baridi yabisi, wakampa methotrekseti, vidonge sita vya miligramu 2.5 kwa wiki, pamoja na vitamini ya foliki. Jirani anasema hiyo ni dawa ya saratani. Hii ni wiki ya tatu na nafuu haionekani. Aache?

JIBU: Marahaba. Asiache. Jirani hajakosea sana, dawa hii ilianzia kwenye saratani, ila huko dozi ni kubwa mno. Kwa mama yako kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia utando wa ndani wa viungo. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa baridi yabisi mwaka 1988, na hadi leo madaktari wengi huanza nayo. Lakini ni ya polepole: wiki 6 hadi 12. Diklofenaki ya dukani itapoza maumivu, haitazuia mifupa kulika, na ikichanganywa na dawa hii bila daktari kujua inaweza kuumiza figo.

Kinachotutia hofu zaidi ni namna ya kumeza. Vidonge sita ni miligramu 15, vyote siku moja ya wiki. Wapo waliovimeza kila siku kama dawa nyingine. Uboho ukashindwa kutengeneza damu, wengine wakafa. Chagueni siku, tuseme Jumatatu, mkaiandike kwa kalamu nene juu ya pakiti. Foliki anywe siku nyingine. Hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Akisahau Jumatatu, mwisho ni Jumatano. Ikipita hapo, asubiri Jumatatu ijayo, wala asimeze dozi mbili kufidia.

Septrini, ile dawa ya kuua bakteria, asiiguse, hata akipewa dukani kwa kikohozi au mkojo unaochoma. Dawa zote mbili zinauzuia mwili kutumia foliki, na zikikutana damu inaweza kushuka vibaya. Kila dirisha la dawa aseme anameza nini.

Homa ikija, huku kwetu mtu huwaza malaria kwanza. Apime, sawa, lakini siku hiyohiyo apimwe na picha kamili ya damu. Vivyo hivyo koo likiuma, mdomo ukitoka vidonda, au ngozi ikivia damu bila kugongwa. Kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi nacho hakingojei tarehe ya kliniki.

Bila homa pia kuna ratiba: damu, ini na figo kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 2 au 3. Pombe aiweke kando. Na kama bado anaona hedhi, atumie uzazi wa mpango, kwa sababu dawa hii huharibu mimba.