Programu ya kufuatilia seva za vyumba viwili

Kaka, umeuliza mtumie programu gani kufuatilia seva zenu za Mtwara na Lindi, maana kila fundi ana nakala yake ya Excel. Mimi ningechukua NetBox. Ni ya bure, chanzo huria tangu 2016, na ilianzia DigitalOcean, kampuni ya kukodisha seva za mtandaoni, kwa watu wanaoishi na seva. Inakuonyesha raki nzima, yaani kabati la seva: seva imekaa U (ngazi ya raki) ya ngapi, kebo inaenda swichi ipi, umeme unatoka wapi, IP (anwani ya mtandao) ni ipi. Fundi wa Lindi anaona chumba cha Mtwara bila kupanda basi.

Ila haizunguki yenyewe kutafuta vifaa, usipoandika, haijui. Mkitaka vijiorodheshe, GLPI, programu nyingine ya aina hii, ina ajenti (programu ndogo) ya kuweka kwenye kila seva, inasoma diski, RAM na namba ya siriali. Ya tatu, Snipe-IT, inafaa zaidi kwa laptopu na nani kakabidhiwa nini.

NetBox inakuruhusu kuongeza sehemu zako za kujaza taarifa. Weka tarehe ya kusafisha feni, hewa ya chumvi ya pwani hiyo haina huruma. Na msiimwagie Excel yote kama ilivyo. Kasomeni namba kwenye seva zenyewe kwanza.