Ukiitwa kumshauri mkubwa, omba barua yenye sahihi

Nimekaa kwenye kamati za ushauri kama mhadhiri, na kila mwenzangu kijana anaponiambia ameitwa "kusaidia mawazo" wizarani, huwa namuuliza kwanza: barua iko wapi? Simu ya katibu muhtasi haitoshi. Nimeona kiongozi akihamishwa, na mrithi wake akauliza nyinyi ni nani na nani aliwatuma.

Barua ninayopenda kuwaonyesha ni ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani kwa Vannevar Bush, ya tarehe 17 Novemba 1944. Bush alikuwa mhandisi, msomi aliyetoka MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndiye aliyeongoza ofisi ya serikali ya utafiti wa kisayansi. Waliaminiana sana. Mwaka 1940, Rais aliidhinisha pendekezo lake la kuunda kamati ya utafiti wa ulinzi baada ya mazungumzo mafupi tu.

Sasa watu walioaminiana hivyo waandikiane ya nini? Isome uone. Ina maswali manne: maarifa yaliyopatikana vitani yatangazwe vipi bila kuhatarisha usalama; vita dhidi ya maradhi viendelezwe vipi; serikali isaidieje utafiti wa taasisi za umma na za binafsi; na vipaji vya vijana katika sayansi vigunduliwe na kukuzwa vipi. Inamwambia pia asisubiri amalize yote, kila jibu likiwa tayari alilete. Hizo ndizo hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyotumwa na mipaka yake, tena zinazoeleweka.

Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt akafariki. Kazi haikufa naye. Julai mwaka huohuo Bush alimkabidhi Rais Truman ripoti iliyojibu maswali yaleyale, na baada ya mabishano marefu Marekani ikaunda mfuko wake wa taifa wa sayansi mwaka 1950.

Na hili nalisisitiza kuliko yote: Bush na watu wa karibu naye walishiriki kuiandaa barua hiyo kabla Rais hajaitia sahihi. Hakuna aibu hapo. Mkubwa ana mambo mengi, kwa hiyo mpelekee rasimu. Andika maswali unayoweza kuyajibu, tarehe ya kukabidhi, nani atapokea, na kama utaruhusiwa kuchapisha matokeo. Akishasaini, hakikisha ina kumbukumbu namba, nakala iende masijala, na nyingine ubaki nayo wewe.